Sanduku la Masomo: shajara ya kuwatenganisha watu wa jina moja

Jumamosi, 11 Januari

Mradi huu umezaliwa na insha. Kijana wa kidato cha tatu, mmoja wa wale wanaokuja jioni kusoma katika chumba chetu hapa Mji wa Kale, aliniletea daftari nimpitishie macho kabla hajalipeleka shuleni. Mada ilikuwa mtu mashuhuri wa Mombasa. Naye akaandika kwa hati nzuri kabisa: “Profesa Ali Mazrui alikuwa liwali wa Mombasa, akaivamia Unguja, akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, akatunga tamthilia ya Kilio cha Haki, kisha akaenda Marekani kuwa profesa.”

Nilicheka mpaka miwani ikanidondoka. Halafu kicheko kikaniishia, maana yote aliyoyaandika yalitokea kweli. Yalitendwa na watu wanne.

Liwali ni Ali bin Uthman Mazrui, aliyeishika Mombasa tangu 1746 mpaka 1755, akafia Unguja vitani. Kadhi Mkuu ni Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, yule aliyetoa gazeti la Al-Islah mwaka 1932 na kufariki 1947. Tamthilia ni ya Alamin Mazrui, mwanaisimu na mshairi. Aliitoa 1981, na mwaka uliofuata serikali ikamtia kizuizini. Profesa Ali Al’amin Mazrui wa sayansi ya siasa ni mtoto wa yule kadhi. Alizaliwa hapa mjini 1933, akafariki Marekani Oktoba 2014, akaletwa kuzikwa kwenye makaburi ya jamaa zake, hatua chache kutoka Ngomeni, yaani Fort Jesus. Huyu mtoto hupita hapo kila siku akienda shule.

“Lakini Mwalimu,” akanambia, “simu ndiyo ilonipa.”

Sikumlaumu. Ukiandika Mazrui kwenye simu, unamwagiwa wote kama dagaa. Nikamwambia aache daftari, tutalirekebisha kesho. Usiku nikaanza kuorodhesha majina mengine yanayoweza kumponza mtoto kama huyu, na kufika saa sita nilikuwa nimejaza kurasa mbili.

Kiswahili chetu kina neno zuri la jambo hili. Mtu wa jina lako ni somo yako. Wengine husema wajina. Mimi nimelelewa na somo, nitalitumia hilo.

Jumamosi, 18 Januari

Sanduku limepatikana. La mbao, lilikuwa la majani ya chai, na ukilifungua harufu bado imo. Kadi nimezikata kwa mkasi kutoka karatasi za manila, ukubwa wa kiganja. Nikabandika tangazo mlangoni: SANDUKU LA MASOMO, KARIBUNI. Kufika adhuhuri akaja mama mmoja na mwanawe, anauliza ada ni kiasi gani kwa mwezi na kama tunasomesha hisabati. Nimebadilisha tangazo.

Shida ya kwanza ni kujua kadi iandikwe nini. Nilianza na mwaka wa kuzaliwa na wa kufa, kama wafanyavyo wakutubi wakubwa. Bi Mkubwa wa nyumba ya pili, ambaye huja kuazima gazeti na kuketi nalo saa nzima, akaichukua kadi akaitazama mbali na macho.

“Hizi tarakimu zanambia nini mimi?” akauliza. “Mtu akibisha mlango wangu akasema ni Ali, simuulizi kazaliwa lini. Namuuliza: Ali wa nani? Wa wapi? Yuwafanya nini?”

Basi hiyo ndiyo kanuni. Kila kadi ina mistari mitatu: wa nani, wa wapi, wa kazi gani. Miaka inaingia chini, kwa penseli. Mkutubi mmoja wa chuo, rafiki yangu wa zamani, ananiambia duniani sasa waandishi na wasanii hupewa namba maalumu ya tarakimu 16, ili wa jina moja wasichanganywe. Namuamini, na najua mashine zinaihitaji. Ila mimi namba ya simu ya mke wangu yenye tarakimu kumi mpaka leo naisoma kwenye karatasi.

Kadi: 9.

Jumamosi, 25 Januari

Leo tumegombana na kompyuta tangu saa tatu hadi adhana ya alasiri.

Kijana anayetusaidia alituwekea programu ya bure ya katalogi. Ina vijisanduku viwili: jina la kwanza, jina la ukoo. Usipojaza cha pili haikubali kusonga. Tukaanza na rafu ya riwaya, na hapo ndipo nilipoona tumeingia msituni.

Said Ahmed Mohamed, mwandishi wa Utengano, mtu wa Pemba. Mohamed Said Abdulla wa Unguja, aliyemuumba mpelelezi Bwana Msa na kiko chake. Mohamed Suleiman Mohamed, naye wa Unguja, mwenye Kiu na Nyota ya Rehema. Na Mohamed Said wa Dar es Salaam, mwanahistoria anayeandika habari za akina Sykes na siasa za TANU. Watu wanne, na ukiyamwaga majina yao mezani utapata Mohamed tano, Said watatu, na vijina vingine vya kuongezea chumvi.

Programu ikawapanga hivi: Said Ahmed Mohamed akaenda kwenye M. Mohamed Suleiman Mohamed akaenda M, kando yake, kana kwamba ni ndugu. Mohamed Said Abdulla akatupwa A, peke yake. Mohamed Said akaenda S, na jirani yake wa karibu akawa Edward Said, Mpalestina aliyefundisha fasihi New York. Kwa Edward, Said ni jina la ukoo. Kwa Mohamed Said, ni jina la baba.

Nikamweleza kijana pole pole, maana yeye kwao ni bara na jina la mwisho kwake lina kazi nyingine. Hapa pwani jina ni mnyororo. Said ndiye mwenyewe. Ahmed ni baba yake. Mohamed ni babu. Ukimpanga kwenye M umemwita mtu kwa jina la babu yake, halafu unashangaa kwa nini haitiki. Shaaban Robert ni mfano wa wazi zaidi: ni Shaaban bin Robert, na sijamsikia Mswahili hata mmoja akisema “Bwana Robert ameandika.” Husemwa Shaaban Robert, jina zima, kwa pumzi moja. Lakini nenda duka la vitabu lenye kompyuta, mtafute kwenye R.

“Basi tufanyeje, Mwalimu? Hii programu si yangu.”

Tumeidanganya. Kwenye kijisanduku cha jina la ukoo tunaandika jina lote, na kwenye kile cha kwanza tunaweka nukta. Programu imeridhika na nukta. Sasa Said Ahmed Mohamed yuko S na Mohamed wote wako M, wanafuatana kwa majina ya baba zao, kama watu waliopanga foleni ya pilau.

Kadi: 21. Kichwa kinaniuma.

Jumamosi, 1 Februari

Stima zilipotea tangu asubuhi. Tumekata manila tu.

Jumamosi, 8 Februari

Vijana wamegundua sanduku. Wamekuja saba, mikono imejaa mabuyu, wanataka kadi ya Michael Jordan. Nikawauliza swali la Bi Mkubwa: yupi? Wakanitazama kama niliyepigwa jua.

Wapo watatu. Wa kwanza ni yule wa mpira wa kikapu, jezi 23 ya Chicago Bulls, ambaye viatu vyake vinauzwa mpaka kwa wachuuzi wa mitumba, vya kweli na vya uongo. Wa pili ni Michael I. Jordan, mtaalamu wa takwimu na wa kufundisha kompyuta zijifunze, profesa aliyefundisha Berkeley, na katika fani hiyo hakuna asiyemjua. Wa tatu ni Michael B. Jordan, mwigizaji, wa Creed na Black Panther. Huyo wa tatu walimjua wote, na mmoja akaonyesha alivyorusha ngumi, akaangusha kikombe.

Wakati wa kujaza miaka kwa penseli nikaona kitu kilichonifurahisha kuliko inavyostahili. Wa kikapu alizaliwa 17 Februari 1963. Profesa alizaliwa 25 Februari 1956. Mwigizaji ni wa 9 Februari 1987. Yaani wote watatu ni wa mwezi huu, na wa tatu siku yake ni kesho.

Lakini lililowashinda vijana kuamini ni herufi. Tuliandika majina ya katikati ubaoni. Wa kikapu ni Jeffrey. Profesa ni Irwin. Mwigizaji, ile B yake, ni Bakari.

“Bakari huyu Bakari?”

Bakari huyu huyu. Kutoka mlango wangu hadi msikitini nawajua Bakari sita, mmoja anauza mahamri. Kijana wetu mmoja naye ni Bakari. Amezunguka nyuma ya chumba mara mbili kimya kimya, akarudi akaomba aiandike kadi yeye mwenyewe. Ameandika BAKARI kwa herufi kubwa na Michael Jordan kwa ndogo. Nimeiacha hivyo. Ina alama za vidole vyekundu pembeni.

Kadi: 38.

Jumamosi, 15 Februari

Nimetumia juma zima kwa kadi mbili tu, na sijuti.

Winston Churchill alishuka hapa Mombasa 1907. Wakati huo alikuwa naibu waziri wa makoloni, kijana bado, akapanda gari moshi kwenda bara na Uganda, akarudi kwao akaandika kitabu cha safari. Hayo wengi wanayajua. Wasilolijua ni kwamba miaka michache kabla ya safari hiyo, ukimtaja Winston Churchill mbele ya wasomaji wa riwaya, wangedhani wamtaja mtu mwingine: Winston Churchill wa St. Louis, Marekani, mtunzi wa riwaya zilizouzwa mno. Huyu Mmarekani ndiye mkubwa kwa umri, alizaliwa 1871, na Mwingereza 1874.

Mwaka 1899 Mwingereza naye alikuwa akijiandaa kutoa riwaya yake. Akaona wasomaji watachanganyikiwa, akamwandikia barua somo yake. Akamwambia kwa adabu kubwa kwamba kuanzia sasa yeye atatia sahihi Winston Spencer Churchill, ili pasiwe na mkanganyiko. Mmarekani akamjibu kwa adabu iyo hiyo kwamba na yeye angependa kuongeza jina, ila hana jina jingine la kuongeza.

Napenda sana barua hizi. Fikiria watu wawili wa heshima, kila mmoja anajitahidi kumwachia mwenziwe njia, kama watu wawili waliokutana kwenye kichochoro chetu cha Kibokoni, mmoja na mkokoteni. Na walifanana zaidi ya jina. Mmarekani aliingia baraza la kutunga sheria la New Hampshire, akagombea ugavana 1906 akakosa. Wote wawili walichora picha kwa rangi. Mmoja dunia imemsahau, mwingine sanamu zake zimejaa London.

Kijana wa kompyuta aliposoma kadi akasema, “Na wa tatu je?” Nikamuuliza wa tatu yupi. “Churchill wetu! Wa kuchekesha.” Kweli. Daniel Ndambuki, ambaye Kenya nzima yamwita Churchill, na nina hakika watoto wa chumba hiki wakisikia jina hilo humuona yeye kwanza. Nimemkatia kadi. Kwenye mstari wa “wa nani” nimeandika: jina la jukwaani.

Jumamosi, 22 Februari

Hili si la mradi, lakini limo.

Jumanne nilikwenda hospitali moja ya binafsi kupima presha. Muuguzi akaita jina langu. Nikasimama, na mzee mwingine nyuma yangu akasimama. Tukatazamana. Muuguzi akarudia jina lile lile, kwa sauti zaidi, kana kwamba tulikuwa viziwi. Mimi nikaingia kwa kuwa nilikuwa karibu na mlango.

Daktari akafungua faili, akanisomea sukari yangu imepanda sana, nipunguze wali na niache halua kabisa. Sijawahi kuwa na sukari. Nikabisha. Akanionyesha jina kwenye faili. Jina ni langu. Nikapewa vidonge vya mwezi mzima. Kule chumba cha pili mwenzangu, mwenye sukari ya kweli, aliambiwa yu mzima kama ng’ombe, apunguze chumvi tu kidogo.

Tulikutana langoni, kila mmoja na kibahasha chake, tukabadilishana kama watu wanaobadilisha pesa. Hakuna aliyekuwa ameuliza: wa nani? Jina la tatu lilikuwa tofauti, liliandikwa pale pale kwenye faili, ila mwito uliishia la pili.

Somo yangu huyu alifanya kazi Kilindini miaka mingi, sasa amestaafu. Nikamleta chumbani, nikamuonyesha sanduku. Akavua kofia akakaa. Leo amerudi, na amekuja na dele la kahawa na kashata.

Jumamosi, 8 Machi

Mfungo. Tunafanya kazi asubuhi tu, na hakuna anayeongea sana.

Kadi za Juma ni za somo yangu, kwa sababu amezing’ang’ania. Alitaka tuanze na Juma Bhalo, na kwake yeye Juma Bhalo ni mmoja: Mohamed Khamis Juma Bhalo, mwimbaji wa taarabu, aliyefariki 2014. Kila harusi aliyokwenda ujanani anaikumbuka kwa wimbo. Nikamwambia yuko pia Ahmad Nassir Juma Bhalo, mshairi wa Malenga wa Mvita, 1971. Akasema, “Si ndiye aliyekuwa akimtungia?” Ndiye. Ni jamaa, na mengi aliyoyaimba mmoja yalitoka kalamuni kwa mwingine. Kwa hiyo kadi mbili za Juma Bhalo zimefungwa pamoja kwa uzi; ukiivuta moja, nyingine inafuata.

Lakini Juma hakuishia kwa Waswahili. Juma ni aliyezaliwa Ijumaa, na Ijumaa iko kila mahali. Yuko Musa Juma, mwanamuziki wa benga, Mjaluo, ambaye ukilisikia jina tu utadhani ni mtu wa Majengo. Alifariki hapa Mombasa mwaka 2011. Na yuko Calestous Juma, mtu wa ziwani upande wa Busia, aliyefika Harvard kwa elimu yake ya sera za sayansi na teknolojia, akafariki 2017. Huyu alianza kazi kwa kufundisha shule ya msingi hapa hapa mjini. Somo yangu alinyamaza kidogo aliposikia hilo, kisha akasema huenda alipanda naye feri ya Likoni wasijuane.

Kwenye mstari wa “wa wapi” wa Calestous tumeandika Budalangi, halafu tukaongeza kwa penseli: na Mombasa kidogo.

Kadi: 71.

Jumamosi, 5 Aprili

Idi imepita, kazi imerudi. Na leo nimesahihishwa, tena kwenye kadi niliyokuwa nikijivunia.

Niliandika hivi: Robert Cheruiyot, mkimbiaji, mshindi wa Boston Marathon mara tano, 2003, 2006, 2007, 2008 na 2010. Nikaiweka juu ya meza ikauke wino. Bawabu wa jengo la jirani, mtu wa Bomet, aliingia kuchaji simu. Akaisoma. Akaisoma tena.

“Mwalimu, hawa ni wawili.”

Nikamwambia haiwezekani, jina moja, nchi moja, mbio zile zile, mji ule ule. Akacheka kwa upole, akavuta kiti. Wa 2003, 2006, 2007 na 2008 ni Robert Kipkoech Cheruiyot. Huyo ndiye pia aliyeshinda Chicago 2006 akateleza kwenye mstari wa kumalizia, akaanguka chali huku ameshinda. Wa 2010 ni Robert Kiprono Cheruiyot, kijana mwingine kabisa, na alikimbia kwa saa 2:05:52, haraka kuliko yeyote aliyewahi kukimbia Boston kabla yake. Mwaka uliofuata Geoffrey Mutai akaivunja kwa 2:03:02.

“Na huyo Mutai naye,” akaniongezea, “usimchanganye na Emmanuel.” Mwaka huo wa 2011 Emmanuel Mutai alishinda London, Geoffrey akashinda Boston na New York, na kule New York wa pili alikuwa Emmanuel. Si ndugu.

Nilikuwa nimeshaanza kukata kadi mpya, lakini yeye alikuwa hajamaliza. Akaniuliza kama najua Kipkoech ni nini. Sikujua. Ni mtoto wa kiume aliyezaliwa alfajiri, kunapopambazuka. Na Kiprono ni aliyezaliwa jioni, mbuzi na kondoo wanaporudi nyumbani.

Kwa hiyo wako Robert Cheruiyot wawili, wa alfajiri na wa magharibi, na mimi nilikuwa nimewafanya mtu mmoja kwa sababu nililiruka jina la katikati, nikaliona ni la kupamba. Kazi niliyomcheka kijana wa insha nimeifanya mimi, kwa wino. Kadi ya zamani sikuichana. Nimeitia mwisho wa sanduku, nyuma ya kigawanyo kipya nilichokiandika MAKOSA YANGU. Iko peke yake kwa sasa, sidhani itakaa hivyo muda mrefu.

Bawabu sasa ana funguo ya sanduku.

Jumamosi, 12 Aprili

Kuna watu wanakataa kuingia kwenye mfumo, na leo nimewashughulikia.

Wa kwanza ni mtu mmoja mwenye majina mawili. Yusuf bin Hasan, mwana wa mfalme wa Mombasa, alichukuliwa na Wareno akiwa mdogo, akalelewa Goa, akabatizwa Dom Jerónimo, akarudishwa hapa awe mfalme wao. Agosti 1631 akaingia Ngomeni na watu wake, akamuua kapteni, akaurudia Uislamu na jina lake. Vitabu vya Wareno vinamwita kwa jina moja, simulizi zetu kwa jingine, na mtoto asiyejua atadhani mmoja alimpindua mwenziwe. Ana kadi mbili, kila moja inaelekeza kwenye nyingine.

Wa pili ni ndugu wasiofanana majina. Mshairi Ahmad Nassir, Sheikh Abdilahi Nassir, na Abdilatif Abdalla, aliyefungwa 1969 hadi 1972 kwa waraka wa Kenya: Twendapi? na kutoka na diwani ya Sauti ya Dhiki. Ni ndugu, lakini katalogi haijui. Ukisoma migongo ya vitabu huwezi kuhisi. Bi Mkubwa alipoona nimewaweka mbalimbali alinitazama kwa huruma. “Hawa wametoka nyumba moja, wewe wawatia vyumba vitatu?” Uzi tena.

Wakikuyu wao wamelitatua kwa njia yao: mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba. Ndiyo sababu kuna Joseph Kamaru wawili katika muziki. Babu, aliyefariki 2018, aliimba Kikuyu na siasa kwa gitaa. Mjukuu hutengeneza muziki wa sauti za mitambo na mazingira, naye hutumia KMRU, yaani amelitoa A mbili jina la babu yake akapata lake. Nimeusikiliza. Somo yangu amesema redio imeharibika.

Francis Bacon, mwanafalsafa wa 1561 na mchoraji wa 1909: kadi mbili, dakika tano. Samuel Johnson, Mwingereza wa kamusi ya 1755 na kasisi Myoruba aliyeandika historia ya watu wake: kadi mbili. Steve McQueen, mwigizaji Mmarekani aliyefariki 1980 na mwongozaji Mwingereza wa filamu iliyompa Lupita Nyong’o wetu Oscar: kadi mbili, na ya pili tayari imekunjwa kwa kushikwa.

Kadi: 104.

Jumamosi, 26 Aprili

Mvua tangu Alhamisi. Sanduku tumelipandisha juu ya meza, na chini tumetandaza magunia.

Kadi ya Ronaldo ilikuwa imepotea wiki mbili. Naijua vizuri kwa sababu niliifanyia kazi. Brazil walikuwa na Ronaldo wengi mpaka wakaishiwa njia: Kombe la Dunia la 1994 alikuwepo beki aliyekuwa mkubwa, wakamwita Ronaldão, Ronaldo Mkubwa, na yule mshambuliaji kijana wakamwita Ronaldinho, Ronaldo Mdogo. Olimpiki ya 1996 alikuwepo beki mwingine Ronaldo, kijana akabaki Mdogo hata kwenye jezi. Baadaye akaja Ronaldinho mwingine mdogo zaidi, yule wa meno na chenga, na Mdogo wa kwanza akapandishwa cheo kuwa Ronaldo tu. Sisi mtaani tuna Ali Mkubwa na Ali Mdogo, na Ali Mdogo ana wajukuu. Na wa Ureno, Cristiano, hakupewa jina la mchezaji yeyote. Baba yake alimpenda Ronald Reagan.

Leo imerudi. Ilikuwa imesukumizwa chini ya mlango, imelowa pembe moja, ina alama za vidole vya mabuyu mbele na nyuma. Chini ya Ronaldo zangu, kwa biro ya buluu na hati ya mtoto wa darasa la nne hivi, pameongezwa mstari:

RONALDO wa Kuze, namba 9, mguu wa kushoto.

Nimeianika kwenye kamba ya nguo pamoja na taulo. Ilipokauka nimeirudisha mahali pake, kwenye R, na pembeni ya huyo wa mwisho nimeandika kwa penseli: bin nani?